Sentensi Niliyoimeza

Nilipoanza kujifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilikuwa natunza wazee. Siku tano kwa wiki nilikuwa kwenye nyumba ya wazee, nikiwaogesha, nikiwalisha, nikiwabadilishia mashuka. Jumamosi na Alhamisi mchana nilikuwa chuoni, kwenye chumba cha kompyuta kilichokuwa na dirisha moja lisilofunguka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati ambapo kila gazeti la London lilikuwa likisema kompyuta zitachanganyikiwa mwaka elfu mbili utakapoingia, na kwamba anayejua kuandika programu hatakosa kazi. Mimi nilikuwa nataka kuacha kuinua watu wazima kutoka kitandani. Mgongo wangu ulikuwa na miaka ishirini na sita, lakini ukiniuliza ningesema sitini.

Niliishi mtaa wa Kilburn na dada yangu mkubwa, muuguzi. Yeye ndiye aliyenileta kutoka Nakuru, na ndiye aliyenisukuma kujiandikisha chuoni. Ratiba yake ya hospitali aliipanga kwa kufuata masomo yangu, ili nikirudi nikute chakula. Mwaka wa kwanza nilifeli. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi rudia," akaendelea kukata sukuma wiki. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenigombeza.

Mwaka niliorudia ndipo nilipokutana na yule mwenzangu.

Alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, na mtanashati kuliko mwalimu wetu. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. London alikuwa akisafisha ofisi tangu alfajiri, na kesi yake ya kuomba hifadhi ilikuwa haijaamuliwa. Siku ya kwanza aliketi karibu nami, akanisikia nikijisemea kwa Kiswahili mbele ya skrini, akageuka kama mtu aliyeitwa.

"Dada, unatoka wapi?"

"Kenya. Na wewe, kaka?"

"Congo. Bon. Mungu ni mukubwa. Sasa utaniambia huyu muzungu anasema nini."

Ndivyo tulivyoanza kusaidiana. Kiingereza changu kilikuwa kizuri, chake kilikuwa kinamkwama mdomoni, kwa sababu elimu yake yote aliipata kwa Kifaransa. Mwalimu akieleza, mimi nilimnong'onezea kwa Kiswahili. Kisha yeye, akiisha kupata maneno, alinieleza maana yake, kwa sababu maneno niliyokuwa nikimtafsiria mimi mwenyewe sikuyaelewa.

Wanaojifunza lugha ile hukwama mahali pale pale, wote. Unaandika alama moja ya usawa badala ya mbili, na badala ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, unavifanya viwe sawa. Unahesabu kuanzia moja wakati mashine inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo unapitiliza nafasi ya mwisho na kuandika juu ya kitu cha jirani. Lakini kilichonifelisha mwaka wa kwanza kilikuwa pointa. Mwalimu alisema pointa ni kitu kinachoshika anwani ya kitu kingine ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Niliandika sentensi hiyo daftarini mara tatu, mara zote tatu haikuniingia.

Mkongo alinieleza wakati wa mapumziko ya chakula, tukiwa tumekaa kwenye ngazi.

"Angalia. Tangu nifike hapa wamenihamisha nyumba mara tatu. Wakili wangu iko na anwani yangu katika karatasi. Ile karatasi ni nyumba?"

"Hapana."

"Voilà. Karatasi hapana nyumba. Sasa mimi nimehama, wakili hajui, anatuma barua kwa nyumba ya zamani. Barua inafika?"

"Inafika."

"Inafika! Hiyo njo matata. Inafika, lakini ndani kunaishi mutu mwingine. Anaifungua, anaitupa. Ndiyo ile programu yako. Umerudisha nyumba kwa wenyewe, halafu bado unatuma barua."

Nilicheka, kisha nikaona nimeelewa. Mwaka mzima wa kufeli ulifunguka pale kwenye ngazi. Programu zangu zilikuwa zinakufa kwa sababu nilikuwa nikiachilia nafasi ya kumbukumbu, halafu nikiendelea kusoma kilichokuwa humo.

Alikuwa na mazoea yake ambayo hayakuwa katika kitabu chochote. Akiandika mstari wa kuomba kumbukumbu, papo hapo aliandika chini yake mstari wa kuirudisha, kabla hata ya kujua ataitumia vipi. "Ukiomba sufuria ya jirani," alisema, "unarudisha siku ile ile." Na akihifadhi neno, aliongeza nafasi mbili mwishoni. Kanuni ni kuongeza moja, kwa sababu lugha ya C huweka sifuri mwishoni mwa kila neno ili ijue limekwisha, na usipoiachia sifuri hiyo mahali, programu huharibika. Moja inatosha. Nikamuuliza ya pili ni ya nini.

"Ya mugeni," alisema. "Kwetu mama hapiki chakula kinachotosha. Anapika kinachotosha na mugeni."

Mtihani wa mwisho ulikuwa kazi moja kubwa: programu ya kutunza orodha ya majina, kuyaongeza na kuyafuta. Tulipaswa kuikabidhi Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, ikiwa imechapishwa kwenye karatasi. Alhamisi mwenzangu alinipa diski yake. Wakili alikuwa amemwita Ijumaa hiyo, na hangeweza kukosa.

"Unichapishie, dada. Unipelekee kwa mwalimu. Iko yote ndani, nimeimaliza."

"Usijali," nikamwambia.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikafika chuoni saa sita. Nilichapisha kazi yake kwanza, nikaiweka katika bahasha yenye jina lake. Kisha nikafungua yangu. Kuongeza majina kulikwenda vizuri. Kufuta jina moja, vizuri. Kufuta jina la katikati, programu ikafa na kuniambia imegusa kumbukumbu isiyo yake. Nilirekebisha, ikafa tena. Nilibadilisha mistari ambayo hata sikuwa na sababu ya kuibadilisha, kama mtu anayepigapiga redio. Saa nane, saa tisa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwambia dada yangu kazi imekwisha, imebaki kuchapisha tu. Alikuwa ameimba akifua.

Diski ya mwenzangu ilikuwa bado ndani ya mashine.

Nilijiambia naangalia tu. Nilifungua faili lake, nikaona alivyofanya: kabla ya kuachilia sehemu ya orodha, alikuwa anaiandika pembeni anwani ya sehemu inayofuata. Jambo la mstari mmoja. Ningeweza kuuandika mstari huo mwenyewe, na hilo lingekuwa kujifunza. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na nilichukua sehemu nzima, ya kufuta na ya kuhifadhi majina, nikaiweka katika kazi yangu. Nilibadilisha majina ya vitu ili visifanane. Niliendesha programu. Ilifuta jina la katikati bila kelele. Nilikabidhi bahasha zote mbili, na karani akanitabasamia.

Jumatano iliyofuata mwalimu alituita ofisini kwake, sisi wawili. Alikuwa Mwingereza mpole wa makamo, aliyezoea kutuletea biskuti Jumamosi. Siku hiyo hakukuwa na biskuti. Alikuwa amelaza karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu, na katika kila karatasi alikuwa amezungushia tarakimu ya 2 kwa kalamu ya kijani.

"Kila mwanafunzi ameongeza nafasi moja," alisema. "Ni nyinyi wawili tu mlioongeza mbili. Na kinachofuata hapa chini, ukiondoa majina, ni kile kile. Nataka mnieleze."

Aliniangalia mimi kwanza.

Nilieleza. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza sehemu ya kufuta mstari kwa mstari, kwa nini unahifadhi anwani inayofuata kabla ya kuachilia, nini kitatokea usipofanya hivyo. Nafasi ya pili nilisema ni ya tahadhari. Kila neno nililolisema lilikuwa limetoka kwenye ngazi zile, kwa kinywa cha mtu aliyekuwa amekaa karibu nami, lakini kwa Kiingereza lilisikika kama langu. Mwalimu alitikisa kichwa polepole, akamgeukia yeye.

Mwenzangu alianza kwa Kiingereza. Alipata maneno matatu, manne. Akatafuta neno la Kiingereza la "mgeni", akalipata, akalisema, na mwalimu akakunja uso, maana wageni waliingiaje katika programu ya orodha ya majina? Mwenzangu aliona uso ule, akakatiza maneno. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama alivyokuwa akinieleza hesabu:

"Dada, umuambie. Umuambie hii niliandika mimi. Umuambie nilikupa diski Alhamisi ili unichapishie. Ile fasi ya pili ni ya mugeni, unajua. Umuambie vile ilikuwa."

Hakunishtaki. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Nafikiri hadi dakika ile aliamini kuna maelezo fulani, na kwamba mimi ndiye ningeyatoa.

Nikamgeukia mwalimu. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema nafasi ya pili ni ya tahadhari. Anasema huwa tunasoma pamoja."

"Je, aliwahi kuwa na kazi yako mkononi?"

"Wakati mwingine tulitumia diski moja," nikasema.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo: kwamba sikusema uongo. Kweli tulisoma pamoja. Kweli nafasi ya ziada ni tahadhari. Kweli diski ilikuwa moja siku hiyo. Lakini nilikuwa nimepewa sentensi nne nizivushe, na ile iliyokuwa na uzito nikaimeza.

Mwalimu akakusanya karatasi. Alisema anasikitika. Aliyeweza kueleza kazi yake, kazi yake itabaki. Mwingine atapata sifuri, na anaweza kurudia mwaka akitaka. Kisha akanitazama mimi, ili nitafsiri. Nikatafsiri. Hiyo nilitafsiri yote.

Mwenzangu alisimama, akamshukuru mwalimu kwa Kiingereza, akafunga kifungo cha koti. Kwenye korido alinyoosha mkono.

"Unipe diski yangu."

Nikafungua mkoba, nikampa. Akashuka ngazi. Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa wazi, na Jumamosi zote zilizofuata.

Nilipata cheti. Dada yangu alialika marafiki zake wauguzi, akapika pilau, akanivisha shada la karatasi za rangi kama bibi arusi. Nilikula sana siku ile ili nisiongee.

Kabla ya mwaka kwisha nilipata kazi katika kampuni ndogo iliyotengeneza mashine za tiketi za maegesho ya magari. Ilikuwa C kutwa nzima. Katika mwezi wangu wa nne tulikuwa na mashine zilizokuwa zikiganda baada ya wiki tatu za kufanya kazi, na hakuna aliyejua sababu. Mafundi walikuwa wanakwenda kuzizima na kuziwasha. Nilizisoma programu zile nikiwa natafuta kila mahali palipoombwa kumbukumbu na kuuliza, wapi inarudishwa? Siku ya pili nilipapata. Kila tiketi ilipochapishwa, mashine iliomba nafasi kidogo na haikuirudisha, hadi ikajaza kumbukumbu yake yote. Mkuu wangu alifurahi hadi akaita watu wengine waje waone.

"Nani alikufundisha kusoma hivi?" aliniuliza.

"Chuoni," nikasema.

Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka mtu akabisha.

Sikumtafuta. Nataka niseme hivyo waziwazi, kwa sababu nikisimulia haraka huonekana kama nilizuiliwa na kitu. Sikuzuiliwa. Nilikuwa na simu, nilikuwa na miguu. Nilikuwa naogopa kwamba nitampata.

Ilipita miaka saba. Siku moja dada yangu alirudi kutoka hospitali akiwa amekasirika, akaanza kunisimulia akivua viatu. Mama mmoja mgonjwa hakujua Kiingereza, na mpwa wake alikuwa akimtafsiria. Daktari alisema maneno mengi, mpwa akamwambia mama maneno mawili. Mama akauliza maswali, mpwa akamwambia daktari kwamba mama anashukuru. Dada yangu alitambua kwa uso wa mama kwamba kuna kitu kinapotea, akamwita mkalimani wa hospitali.

"Mtu kama yule ni mwizi," dada alisema. "Afadhali yule wa kuiba mkoba. Huyu anakuibia mdomo wako ukiwa umekaa pale unamwangalia."

Niliacha kisu nilichokuwa nakatia mboga. Nikamwambia kila kitu, kuanzia ngazini hadi koridoni. Alisikiliza akiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Na mimi nilikupikia pilau," alisema.

Kisha akavua kiatu cha pili. "Mtafute."

Yeye ndiye aliyeanza kuulizia. Kazini kwao kulikuwa na Mkongo mmoja aliyesali kanisa la Wakongo huko Barking, mashariki mwa London, katika ukumbi wa kukodi. Baada ya wiki mbili alileta jibu: mwalimu wa hesabu, kutoka Bukavu, mrefu, ndiyo, yupo. Jumapili nilipanda treni. Nilifika ibada ikiwa imekwisha, watu wakinywa chai. Kwenye kona ya ukumbi niliona meza imezungukwa na watoto wenye madaftari, na katikati yao yeye, nywele zimeingia mvi, akichora pembetatu ubaoni. Watoto walimuuliza kwa Kiingereza, yeye akawajibu kwa Kiswahili, na pande zote mbili hawakuona ajabu.

Aliniona. Hakushtuka. Alimaliza pembetatu yake, akaweka chaki chini.

Msichana wa miaka kumi na sita hivi, mwenye uso kama wake, alinitazama, akamuuliza baba yake kwa Kiingereza kama mimi ndiye yule mwanamke wa chuoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikiishi katika nyumba yao miaka yote hiyo.

"Ndiyo," akamwambia. "Lete kiti."

Tuliketi. Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye treni, yote yakaniruka. Nikasema, "Kaka, nilichukua kazi yako. Na siku ile ofisini sikusema ulichoniambia niseme."

"Najua."

"Ulijua?"

"Kufika ule mwisho wa mwaka, Kiingereza yangu ilikuwa na ubaya kwa kinywa, hapana kwa masikio. Nilisikia yote, dada. Nilisikia vile unasema na nilisikia vile unaacha."

"Kwa nini hukusema kitu?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama kitu kigeni. "Nilisema. Nilikuambia wewe, ili umuambie."

Akaendelea, bila kupandisha sauti. Ijumaa ile wakili alikuwa amemwambia kesi yake inakaribia kuamuliwa, na asijiingize katika matata na mtu yeyote, shuleni wala kazini. Akapima: kubishana na mwalimu, au kunyamaza. Akanyamaza. Karatasi zake alizipata baada ya miezi minane. Mwaka uliofuata alikwenda kujiandikisha upya. Alifika mlangoni, akaziona zile ngazi, akageuka. Sasa alikuwa akitunza wazee, huko huko Barking.

"Nilikukasirikia miaka miwili," alisema. "Kisha nilichoka. Hasira nayo ni kazi, na mimi nilikuwa na kazi mbili zingine."

"Nifanye nini?" nikamuuliza. "Niambie. Naweza kuja hapa Jumapili, niwafundishe watoto kompyuta. Naweza—"

"Hapana." Alisema upesi, kisha akalilainisha. "Watoto hawa iko na mwalimu. Wewe uandike. Kwa ile Kiingereza yako nzuri. Uandikie chuo vile ilikuwa."

Niliandika wiki hiyo hiyo, kurasa mbili, jina langu chini. Nilijua wanaweza kunifutia cheti, na nilipokuwa nikilamba bahasha nilitamani wafanye hivyo. Jibu lilikuja baada ya mwezi. Mwalimu wetu alikuwa amestaafu zamani, kozi yenyewe haikuwepo tena, matokeo ya miaka ile hayafunguliwi upya. Walinishukuru kwa uaminifu wangu na kusema barua yangu imewekwa katika faili. Neno hilo la uaminifu nililisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaona uso wangu unawaka moto.

Nilipeleka nakala ya barua yangu Barking. Mwenzangu alivaa miwani, akaisoma kwa utulivu, akairudia. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Hapa," alisema, akigonga aya ya pili. "Hapa umeandika uliazima kazi yangu. Mimi sikukuazima."

Aliisukuma karatasi upande wangu. Nilichukua kalamu yake, nikalikata neno lile, nikaandika juu yake kwamba niliiba. Aliangalia nikiandika. Nilirudi Kilburn, nikaiandika barua upya yote, nikaituma tena. Mara ya pili chuo hakikujibu.

Nilimpelekea nakala hiyo pia. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia yake, akaniuliza kama dada yangu hajambo. Nikasema hajambo. Akasema watoto wanamngoja, akarudi kwenye meza yake.